Nyumba Mbili za Makokha

Nekesa alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga unga hapa Kitale, na kwa sababu ya kelele ilibidi nitoke hadi kando ya barabara ndipo nimsikie vizuri. "Auntie, Mama ametuacha," alisema. "Tunazika Jumamosi. Alisema wewe usikose." Nilimpa pole, nikauliza yale ambayo watu huuliza, aliugua nini, alikuwa hospitali au nyumbani, kisha nikarudi kwenye foleni na kusimama pale pale nilipokuwa, nyuma ya mama mmoja mwenye gunia la mahindi. Nilisaga mahindi yangu. Nilipika uji nikanywa. Sikulia, wala sikujilazimisha, maana kwa umri huu nimeshajijua: mambo mazito hunifikia yakiwa yamechelewa, na mengine hayafiki kabisa. Jioni niliketi sebuleni nikahesabu miaka. Ilikuwa imepita ishirini na miwili tangu ule mwaka niliokaa Mabanga, nje kidogo ya mji wa Bungoma, nikiwa msichana wa miaka ishirini na minne, nikitunza stoo ya shirika lililosaidia watu wasio na uwezo kujijengea nyumba. Habari za kwetu, na jinsi nilivyoipata kazi hiyo, nitaziruka. Nataka kuusema mwaka wenyewe, kwa sababu ndani yake nilimnyima mtu nyumba yake, na sijawahi kumwambia yeyote.

Stoo ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, na mimi nililala chumba cha nyuma. Katikati palikuwa na pazia tu, kwa hiyo simiti ililala nami. Iliingia kwenye chumvi, kwenye nywele, kwenye kikombe cha chai, na hata leo nikipita karibu na mjengo ninahisi ule ukavu kwenye meno. Mabati yaliegemea ukuta wa kushoto, mifuko ya simiti ilipangwa juu ya mbao upande wa kulia, na kwenye rafu ya katikati niliweka misumari kwa saizi zake, ya inchi tatu, ya inchi nne, ya mabati. Funguo za nyumba zilizokuwa zikikamilishwa zilikaa kwenye kopo la mafuta ya kupikia, chini ya kitanda changu. Nilipenda mpangilio kupita kiasi. Fundi Barasa, aliyesimamia ujenzi wote, alikuwa akisimama mlangoni, kofia mkononi, na kusema, "Wanjilu, siku moja utaandikisha hata hewa tunapumua." Nilidhani ananisifu.

Kazi ya shirika ilikuwa rahisi kueleza. Hakuna aliyepewa nyumba bure. Familia ilijengewa kwenye shamba lao wenyewe, na gharama wakairudisha polepole kwa miaka mingi, lakini kabla ya msingi wao kuchimbwa, baba na mama walitakiwa kwanza kwenda kutoa jasho kwenye nyumba za wenzao. Waliobeba mchanga leo ndio waliobebewa kesho. Pamoja nao walikuja wa kujitolea: akina mama wa kanisani, walimu siku za Jumamosi, wanafunzi wa kilimo wenye nguvu nyingi na maarifa kidogo, na mara mojamoja wageni wa ng'ambo waliokaa wiki mbili, wakaungua na jua, halafu wakalia siku ya kuondoka. Sisi tuliwashangaa, kwa sababu nyumba ilikuwa haijafika hata kwenye linta, pale juu ya madirisha. Matofali tuliyafyatua hapo hapo kwa mashine ya mkono, udongo mwekundu na simiti kidogo, tukayafunika kwa nyasi na kuyanywesha maji asubuhi na jioni mpaka yakomae. Katika watu wote niliowaona wakivuta ule mkono wa mashine, hakuna aliyeuvuta kama Makokha.

Makokha alikuwa mwanamume mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alikuwa ametoa jasho kwenye nyumba saba kabla ya kufikia zamu yake, na mkewe, Mama Nekesa, alikuwa amepika kwenye zote saba. Ndiye aliyenifundisha kula mrenda. Nilikuwa nikiumeza nikiwa nimefumba macho, naye akiwaambia wenzake, "Muangalie huyu mtoto wa Kitale, anakula mboga kama dawa ya minyoo." Siku walipoanza kujenga kwao nilihamishia meza yangu ya kuandikia chini ya paa la majani walilopikia, na hapo nikasikia mengi ya watu wawili ambao hawakujali kama nasikia. Makokha alitaka dirisha la sebule litazame njia. "Dirisha la nini upande huo?" mkewe aliuliza. "Ili uwahesabu wanawake wanaotoka sokoni?" Makokha akasema anataka tu kumwona yeye akirudi. Nikamsikia Mama Nekesa akicheka peke yake juu ya sufuria. Siku nyingine walizungumza jinsi watakavyoingia. Makokha angeingia mbele, kwa sababu nyumba huingiwa kwanza na mwenyewe, na mkewe angefuata na moto wa kupikia. Mume alilisema hilo mara tatu nne kwa wiki, na mke akamjibu kila mara kwamba ameshasikia. Mimi nilikuwa nakunywa chai ya simiti na kujaza fomu. Ninapoyaandika haya leo najua kwamba nilikuwa nikielezwa jambo la maana, na karibu niliandike, ila fomu haikuwa na nafasi yake.

Nyumba ilipauliwa, milango ikatiwa, na Jumatatu moja Fundi Barasa akamwaga sakafu. Ilibaki meneja aje kutoka Kitale kuikagua, halafu ifanyike ibada fupi na kukabidhiana. Jumanne Makokha alilalamika tumbo. Jumatano mchana alikufa hospitalini, akiwa na miaka thelathini na nne. Nililetewa habari hizo na mwanamke wa kanisani aliyekuja kurudisha karai, na nakumbuka kwamba nililipokea karai kwanza, nikalitazama kama limetoboka, ndipo nikamwambia akae.

Alhamisi asubuhi Mama Nekesa alikuja stoo pamoja na shemeji yake, Simiyu, mdogo wake Makokha. Walikaa juu ya mifuko ya simiti kwa sababu sikuwa na kiti cha pili. Mama Nekesa alikuwa amejifunga leso kichwani na alitazama sakafu muda wote. Simiyu ndiye aliyesema. "Madam, tumekuja kuomba funguo. Kesho tunatoa mwili mochari. Mzee atalala kwake, halafu Jumamosi tumzike."

Nikamwambia pole sana, lakini nyumba haijakabidhiwa.

"Sawa, lakini ni yake," alisema Simiyu. "Mtu analala kwake usiku mmoja, ndio azikwe. Sasa atalala wapi? Kwenye chumba cha kupanga? Nje, kama hana boma?"

Ningependa kusema kwamba ni sheria tu iliyonifunga mdomo. Meneja wetu alikuwa na msemo wake, sheria ni msumeno, na mimi niliushika kama kijakazi. Lakini kulikuwa na jambo lingine, na ndilo lililokuwa na nguvu zaidi. Mimi nilikulia kwa watu ambao maiti haiingizwi nyumbani. Inatoka mochari, inapitia kanisani, inakwenda kaburini, na nyumba wanaachiwa walio hai. Nilipomfikiria mwanamke yule akiingia kwenye nyumba mpya ambayo mgeni wake wa kwanza alikuwa jeneza, mwili wangu ulisisimka. Niliamini namlinda. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa upole wa mtu asiyejua anachosema: "Mama Nekesa, hiyo nyumba ni ya wewe na watoto kuanza maisha. Usiianze na kifo." Akainua macho kwa mara ya kwanza akanitazama. Nilimwona kama mtu ambaye baadaye angenishukuru.

Walipoondoka Fundi Barasa alikuja na simu yake, akanipigia meneja Kitale. Meneja alikuwa barabarani, sauti ikikatika. "Wewe ndiye uko hapo," aliniambia. "Tumia akili yako." Nikamrudishia Barasa simu. Akaniambia, "Wanjilu, ile sakafu nilimwaga mimi. Imeshika. Fungua tu, bana. Hawa watu hawaombi kuhamia, wanaomba usiku mmoja." Nikamwambia hapana. Alivaa kofia yake na kwenda zake, nami nikakaa nikiwa nimeridhika kidogo, jambo ambalo bado linanichoma kuliko mengine yote.

Ijumaa saa moja asubuhi nilisikia watu nje. Walikuwa wale wale wa kujitolea, akina mama wa kanisani, walimu wawili ambao sijui waliombaje ruhusa shuleni, na akina baba wa zile familia saba ambazo Makokha alikuwa amezivutia mashine. Kila mmoja alikuwa na panga au jembe. Barasa alisimama mbele yao akaomba misumari ya inchi nne, kilo mbili, na kamba. Niliuliza ni ya kazi gani. "Tunamjengea Makokha nyumba," alisema. Niliwapimia misumari. Kisha nikatoa daftari la stoo nikamwambia atie sahihi, akatia, akanirudishia kalamu bila kunitazama. Nimeshafanya makosa makubwa kuliko hilo maishani mwangu, lakini hilo la sahihi ndilo huniamsha.

Nilikwenda huko saa tisa alasiri kwa sababu ilionekana vibaya kutokwenda. Kwa siku moja walikuwa wamesimamisha kibanda cha miti na udongo, chumba kimoja, mlango wa magunia, paa la mabua ya mahindi na vipande vya mabati yaliyobaki kwenye nyumba ya saba. Udongo ulikuwa bado mbichi na alama za vidole vya akina mama zilionekana ukutani. Hatua thelathini kutoka hapo ilisimama ile nyumba ya matofali, imefungwa kwa kitasa nilichokiandika mimi mwenyewe kwenye daftari, na kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na kivuli, waombolezaji walikuwa wamekaa wakiegemeza migongo kwenye kuta zake. Jeneza lilipofika halikuingia vizuri kwenye kile kibanda. Mlango ulikuwa mwembamba, ikabidi waliinamishe upande mmoja, na Simiyu akawa anasema kwa sauti ya chini, "Polepole, polepole, bado kidogo," kama mtu anayeelekeza gari. Nilisimama miongoni mwa watu. Nilipewa chai, nikainywa. Hakuna aliyenisema vibaya, hakuna aliyenisemesha kabisa. Ndani yangu palikuwa tambarare na pamenyamaza, na wakati ule nilidhani huko ndiko kukomaa.

Wiki mbili baadaye meneja alikuja, akakagua, akapima kuta kwa pima maji, akafurahi. Ibada ilifanyika. Lakini Mama Nekesa aliponyooshewa funguo hakuzipokea, mikono yake ikabaki ndani ya leso. Meneja alicheka kidogo akifikiri ni aibu. Ilibidi nibaki naye baada ya wengine kuondoka, tukakaa kwenye kile kibanda ambacho sasa alikuwa akiishi na watoto watatu. Alinipa ndizi ya kuchemsha kwenye sahani ya bati. Nikamwuliza kwa nini.

"Mume wangu nyumba yake ni hii," alisema. "Hapa ndio alilala. Ile ni nyumba ya shirika."

Nikamwambia ile ni yake, yeye na Makokha waliitolea jasho.

"Najua. Nilibeba maji yake. Lakini sasa nitaingiaje? Hakuna mwanaume ameingia mbele yangu. Angelala mle hata hiyo siku moja, ingekuwa kwake, na mimi ningekuwa kwangu mpaka nife. Nani angeniuliza kitu?" Alimenya ndizi nyingine akampa Nekesa, aliyekuwa na miaka sita. "Sasa wazee wanasema njia ni moja. Simiyu anirithi, aingie mbele, mimi nifuate. Simiyu ni mtu mzuri, hanisumbui. Lakini ana bibi yake, na mimi sitaki. Heri matope."

Nilimaliza ndizi yangu. Nilikuwa nimeelewa kila neno, na nikangoja hali ya kuelewa inifanye kitu, nilie au nipige magoti. Sikufanya lolote. Nikamwambia kwamba sheria ya shirika inatoa miezi mitatu. Nyumba isipoingiwa ndani ya muda huo, inapewa mwingine wa ukoo huo huo ambaye ametoa jasho lake. Mwingine huyo alikuwa Simiyu. "Basi ana bahati," alisema Mama Nekesa, bila uchungu, kama mtu anayezungumzia mvua iliyonyesha kwa jirani.

Katika miezi hiyo mitatu nilijaribu kuirekebisha kwa njia za kijinga. Nilipeleka kitanda kwenye ile nyumba. Nilimwomba mchungaji aende kumwambia kwamba Mungu hana shida na hilo, naye alikwenda, akarudi akisema mama yule anamjua Mungu kuliko yeye. Nilimwuliza Fundi Barasa kama tungeweza kufanya kitu, kuingiza koti la Makokha, kiti chake, chochote. Barasa alikuwa akisugua mashine ya matofali kwa mafuta. "Maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Wewe sio mtu mbaya, Wanjilu. Ni vile tu ulikuwa na haraka ya kujua." Miezi hiyo mitatu ilipoisha ilibidi niandike ripoti. Neno moja lingetosha. Ningeandika kwamba familia imeingia, na Kitale wasingekuja kuangalia kwa mwaka mzima, na ndani ya mwaka mtu huweza kubadili moyo, na wazee nao hubadilika. Niliketi mezani, pazia likipepea, nikaandika kwamba familia haijaingia. Meneja alinipigia kunisifu. Ilikuwa ripoti safi, alisema, hakuna mahali pa kuuliza.

Simiyu alihamia na mkewe Desemba. Kabla ya hapo alikuja stoo, akavua kofia, akaniuliza kama hakuna njia nyingine, kwa sababu anaona haya. Nikamwambia hakuna. Mwaka wangu uliisha muda mfupi baadaye, nikarudi Kitale kwenye ofisi kubwa yenye sakafu ya vigae, na nikapanda cheo. Nimeshiriki kujenga nyumba nyingi tangu hapo. Nilianzisha hata utaratibu wa kuwauliza watu mila zao kabla ya msingi kuchimbwa, na kwenye mikutano wameniuliza nilipata wapi wazo hilo, nami nimejibu kwamba ni uzoefu. Mama Nekesa niliwasiliana naye kwa salamu za Krismasi. Kila mwaka nilijiambia nitakwenda, na kila mwaka nikapata kazi.

Jumamosi ya mazishi yake nilipitia Kimilili nikafika kabla ya saa nne. Kibanda hakikuwapo tena kwa sura ile. Kilikuwa kimejengwa upya mahali pale pale, mara mbili au tatu kwa kuangalia, na sasa kilikuwa cha vyumba viwili vya udongo na paa zima la bati. Jeneza lilikuwa ndani, na mlango huu ulikuwa umetengenezwa mpana. Mama Nekesa alilala kwake. Mbele ya kaburi la Makokha, upande wa pili, ilisimama ile nyumba ya matofali, imepakwa rangi ya samawati, madirisha yakiwa na mapazia meupe. Simiyu, mzee sasa, alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniletea kiti. Nekesa alikuja kukaa karibu nami, mwanamke mzima wa miaka ishirini na minane, mwalimu, na sura yake ikiwa ya baba yake kabisa. Tulitazama watu wakiingia na kutoka. Nikamwuliza kwa nini mama yake alitaka nisikose.

"Aliita watu wote walitujengea," alisema. "Fundi Barasa pia angekuwa hapa kama angekuwa hai. Aliniambia niandike majina, na wewe akakutaja."

"Mimi sikujenga," nilimwambia. "Mimi ndiye nilikataa kufungua."

Alinitazama kidogo. Labda alijua, labda hakujua, sura yake haikuonyesha. "Hayo Mama hakuwahi kusema," alijibu.

Kwaya ilikuwa ikijipanga. Nilikuwa nimesafiri asubuhi yote na swali moja tu, na nikaona nisipoliuliza hapo sitaliuliza tena. Nilielekeza kidevu upande wa ile nyumba ya samawati, nikamwuliza kama katika miaka yote hiyo mama yake aliwahi kuingia mle.

"Ile? Ah, kila siku, Auntie. Si ndiye alilea watoto wa Uncle? Alikuwa anashinda huko, anapika, anafagia." Nekesa alinyoosha leso yake magotini. "Ila alikuwa anapiga hodi. Hata kama watu wote wako shamba, hakuna mtu ndani. Anapiga hodi, anangoja hapo mlangoni kidogo, halafu ndio anaingia."